Muuza Sanda Aliyeacha Utani

Ukiingia dukani kwake mara ya kwanza, alikupima. Hakutumia futi wala kamba. Alikutazama toka utosini hadi kwenye kandambili, akatikisa kichwa kama fundi nguo, akasema, "Wewe bado bado. Ila ukinenepa zaidi ya hapo utanitia hasara." Ndipo akauliza umefuata nini. Wateja wengine waligeuka wakaondoka na hawakurudi. Sisi majirani tulizoea, na siku moja nilipotoka kuugua malaria, akanipita bila kunipima, niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini.

Alikuwa muuza sanda. Duka lake lilikuwa kichumba chini ya ghorofa, mtaani kwetu Kariakoo, ukuta kwa ukuta na duka langu la sufuria. Aliuza bafta nyeupe, pamba, karafuu maiti, ubani, marashi, sabuni na mikeka, vitu ambavyo anayevitumia hanunui mwenyewe. Bafta aliichana kwa mikono, ikalia sauti moja ndefu iliyofika mpaka kwangu. Sauti hiyo ilinijulisha kila asubuhi kwamba kuna nyumba imeamka na msiba, na mara nyingi kabla haijanyamaza nilisikia watu wanacheka.

Maana alikuwa anawatania wafiwa. Mtu anaingia macho yamevimba, anataka sanda ya baba yake, na mzee huyu anamuuliza, "Ni yule baba yako mrefu? Basi mkunjeni magoti, bafta imepanda bei." Ningesema mimi maneno hayo, ningepigwa. Yeye alisema, na mfiwa akacheka huku kamasi zinamtoka, akaketi kwenye benchi, na mara ya kwanza tangu alfajiri akavuta pumzi vizuri. Kisha muuza sanda alimfungia vitu vyake kwa adabu kubwa, akamtoa mpaka barabarani, akamshika mkono. Wasiokuwa na kitu aliwapa, na hao hakuwatania kabisa. "Mwenye njaa hataniwi," alisema. "Atadhani unamsimanga."

Alikuwa Mzaramo, na kwa Mzaramo wa rika lake utani si mzaha wa kupitisha muda. Ni undugu wenye sheria zake. Makabila yaliyopigana zamani, au yaliyopitiana kwenye njia za misafara, yaliachiana ruhusa: mtani wako akutukane, akunyang'anye kofia, akuzuie mlangoni kwako mwenyewe, nawe usikasirike. Kwake yeye watani walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, na soko lilivyojaa watu wa kila namna, hakukosa wa kumchokoza. Sheria aliyoirudia kuliko zote ilikuwa moja: utani haukataliwi, unajibiwa. Ukiambiwa wewe ni mwizi, husemi mimi si mwizi. Unasema, ndiyo, na leo usiku naja kwako. Anayekana ameshindwa, na anayekasirika ameshindwa zaidi.

Mimi si mtani wake kwa asili. Mimi ni Mhindi, babu wa babu yangu alikuja kutoka Kachi, na duka hili la sufuria nimelirithi kwa baba. Lakini hakukubali nibaki nje. Aliniambia mimi ndiye jirani mbaya kuliko wote mtaani, kwa sababu nikifa nitachomwa moto, na yeye hatauza hata pamba. "Miaka yote nakaa na mtu asiye na faida," alilalamika mbele ya wateja wangu. Nikimpa shikamoo alijibu, "Marahaba, Banyani," na akitaka kuazima ngazi yangu aliingia akisema ile methali ya wazee, Banyani mbaya kiatu chake dawa, akaichukua ngazi bila kungoja jibu. Nilipenda. Watu wengine hunitania "rudi Bombei" na nasikia ncha ndani yake. Kwake sikuisikia.

Nisimpambe lakini. Alikuwa na maringo. Akiona mkutano haucheki alinuna kama mtoto, akarudia neno lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Mkewe alisema nyumbani hazungumzi, anakula kimya na kulala kimya, utani wote anaumalizia dukani, na watoto wake walijua baba yao anachekesha kwa kuambiwa na majirani. Aliwaogopa maiti. Ndiyo, muuza sanda yule hakukaa chumba kimoja na maiti hata dakika, na kila jirani alipofariki alipeleka vitu mpaka kizingitini akaviachia hapo. Lakini makaburini alikuwa mtu mwingine.

Baba yake Bi Mwajuma alipozikwa, nilikwenda. Bi Mwajuma ni Mmanyema, mababu zake walitoka Kongo enzi za misafara, naye ni muuza vitenge, meza yake iko ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa muuza sanda. Tulipofika makaburini, muuza sanda alikuwa amekwisha kushuka ndani ya kaburi. Amevaa kofia ya marehemu, amekaa, amekunja nne. "Hapa pangu," alisema. "Huyu Mkongo atafute kwao." Shehe alikasirika. Vijana waliobeba jeneza walisimama hawajui wacheke au wafanye nini. Bi Mwajuma hakuwepo, wanawake hawaendi kuzika, lakini habari zilimfikia kabla hatujarudi, na aliponiona mlangoni pa matanga aliniuliza kitu kimoja tu: "Alitoka lini?" Nikamwambia alitoka baada ya kaka zake kumvuta miguu. Alicheka mpaka akaanza kulia, na kilio chake cha kweli kilianzia hapo. Jioni muuza sanda alimrudishia kofia ya baba yake, ameifua na kuipiga pasi.

Wawili hao walifungua soko kila siku kwa matusi. Yeye akiinua mlango wake wa bati anapiga kelele, "Mkongo! Bado hujarudi kwenu?" Na mama yule, anatandaza vitenge, wala hamtazami: "Narudije na wewe sijakumaliza kula?" Muuza sanda anasema babu yake Bi Mwajuma alileta pembe za ndovu pwani, akalala chini ya mwembe, msafara ukamwacha, ndiyo maana ukoo mzima una usingizi. Bi Mwajuma anasema Mzaramo aliuza shamba lake la Kariakoo lote kwa ngoma ya usiku mmoja na bado anadaiwa mpiga zumari. Wapita njia wageni walisimama wakidhani watu watashikana mashati. Sisi tulifungua maduka yetu kwa raha.

Sasa nifike kwenye agizo. Nimezunguka muda mrefu kwa sababu sipendi kufika.

Malalamiko yalitoka kwetu wenyewe. Wafanyabiashara wa Kariakoo tulikuwa tumechoka na wageni wanaoingiza makontena na kisha kukaa wenyewe kwenye vibanda kuuza soksi na chaja, kazi za vijana wetu. Tulisema, tena kwa haki. Serikali ikatoa agizo: mgeni asifanye biashara ndogondogo, anayemhifadhi mgeni ashtakiwe, na kila mwenye fremu ya duka na kila jirani awataje anaowajua. Siku hiyo tulipiga makofi. Mabango ya pongezi yalitundikwa kutoka ghorofa hadi ghorofa, na fedha ya kitambaa tulichanga. Muuza sanda alitoa bafta bure kwa ajili ya bango moja. "Safari hii," alisema, "sanda ya mgeni." Tulicheka kwa neno hilo siku nzima.

Nyumbani mama yangu hakucheka. Alitoa hati zetu zote kabatini, za babu, za baba, zangu, akazitia kwenye mkoba akawa analala nao. Nikamwambia, mama, hii haituhusu sisi. Akaniuliza nimejuaje. Kesho yake nilikwenda kazini na nakala ya kitambulisho changu mfukoni, nikaona aibu kuibeba na aibu zaidi kuiacha.

Wiki chache baadaye mtu mmoja aliingia kwa muuza sanda kununua bafta. Kijana nadhifu, viatu vimepigwa rangi. Mwenzake alisimama nje. Ilikuwa saa za mchana, jua kali, na watatu wanne tulikuwa kwenye benchi la muuza sanda tunakunywa kahawa. Akapimwa kama kawaida, akatabasamu kidogo. Akashikashika bafta, kisha akauliza kana kwamba anapitisha muda, "Yule mama wa vitenge, ni mwenyeji huyu?"

"Yule?" Muuza sanda alikuwa na watazamaji, na nimekwisha kusema udhaifu wake. "Mkongo yule! Kaingia juzi, kavuka ziwa amepanda ungo. Mchukueni, mnisaidie, ananimalizia ukoo."

Tulicheka. Lazima niseme tulicheka sana. Bi Mwajuma alisikia kutoka ng'ambo, na yeye alikuwa mtu wa sheria kama mwenzake. Hakukana. Alisimama, mikono kiunoni, akapaza sauti: "Ndiyo! Nimekuja bila ruhusa ya mtu! Na siondoki mpaka nimmalize Mzaramo wa mwisho!"

Yule kijana hakucheka. Alirudisha bafta mezani, akavuka barabara pamoja na mwenzake, wakamwonyesha vitambulisho vyao vya Uhamiaji. "Mama, tunaomba uongozane na sisi." Bi Mwajuma alifikiri utani umepata watu wapya. "Ngojeni nichukue pembe zangu," akawaambia. Mpaka wanamshika mkono alikuwa bado anatabasamu, anatutazama sisi tuliokaa benchini, anangoja mmoja wetu amalize kichekesho. Hakuna aliyeinuka mapema. Muuza sanda ndiye aliyekimbia kwanza, peku, kandambili zimebaki dukani. "Ni mtani wangu!" alikuwa anasema. "Wanangu, ni mtani wangu huyo!" Yule mwenye viatu vilivyopigwa rangi alimjibu kwa heshima, na sura yake ilionyesha kwamba ameelewa kabisa, maana naye ni mtoto wa nchi hii, ana watani wake. "Mzee," alisema, "siku hizi haya si mambo ya kutania."

Nilikwenda na muuza sanda ofisini kwao. Bi Mwajuma alizaliwa nyumbani, kwa mkunga, zamani, cheti hakuwahi kukata. Kadi ya kupigia kura walisema si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuipata. Wakataka mzee asiye ndugu yake, anayemfahamu tangu utoto na aliyemfahamu baba yake. Mzee huyo alikuwa mmoja tu aliyebaki hai, amesimama mbele yao peku.

"Mimi namjua," alisema muuza sanda. "Kazaliwa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Baba yake namjua."

Mkuu wao akasoma karatasi aliyokuwa nayo. "Wewe ndiye uliyesema ameingia juzi, amevuka ziwa?"

"Nilisema."

"Na yeye mwenyewe akakubali mbele ya watu."

"Huo ni utani, bwana mkubwa. Utani haukataliwi."

"Sasa tukuamini lini, mzee? Ukicheka au ukiapa?"

Tulirudi Kariakoo kwa miguu. Njiani muuza sanda alisimama mara nyingi, nikadhani amechoka, nikamwambia tupande bajaji. Akasema hapana, anasikia haya kukaa.

Hakuwa Bi Mwajuma peke yake. Fundi cherehani mmoja wa Buguruni, mtu wa Kigoma, naye alichukuliwa kwa lafudhi yake tu. Wakachukuliwa wengine ambao majirani zao walikuwa na ugomvi nao wa fremu. Ndipo soko likaamka. Milango ya bati ilishushwa mtaa mzima, wachukuzi wakapindua mikokoteni yao, na Kariakoo ikawa kimya hivi kwamba nilisikia kunguru wakitembea juu ya mabati. Watu waliandamana mpaka ofisi ile. Wanawake wa vitenge walitandika mikeka nje ya geti wakakaa kama wanavyokaa matangani, kanga kichwani, hawasemi. Walisema hawainuki mpaka mwenzao arudi, na kama harudi basi matanga yameshaanza.

Mabango yalikuwepo. Nani angenunua kitambaa kipya? Tulishusha yale ya pongezi tukayageuza, tukaandika upande wa pili: WARUDISHENI NDUGU ZETU. Wino wa kwanza ulipenya. Jua lilipopiga ungeweza kusoma shukrani zetu kinyumenyume nyuma ya hasira zetu, na mimi nilishika mti wa bango mojawapo, nikalielekeza mbali na jua kadiri nilivyoweza.

Watu walimtaka muuza sanda aseme. Nani mwingine? Wakampa kipaza sauti, wakamsukuma mbele, na hata akina mama kwenye mikeka wakainua nyuso, maana tulihitaji kucheka kidogo. Muuza sanda akasema, "Nilisema uongo. Nilitaka mcheke."

Na watu wakacheka. Wallahi walicheka, maelfu, walidhani ameanza. Akangoja wamalize, akarudisha kipaza sauti, akapenya katikati yao mpaka nyuma, akakaa kwenye ukingo wa mtaro. Nilimfuata. Alinitazama kama zamani alipokuwa akinipima, kisha akatazama chini mtaroni.

Agizo lilisimamishwa. Hawakusema limefutwa, walisema linapitiwa upya. Bi Mwajuma alirudi, amekonda, amesukwa vizuri na mwanamke aliyekuwa naye kule ndani. Aliachiwa kwa masharti: faili liko wazi, ataitwa ikihitajika. Tulimpokea kwa vigelegele, tukamfungulia meza, sufuria ya pilau nilitoa mimi. Hakuna aliyemwomba radhi. Tulifanya sherehe ili tusimwombe. Muuza sanda alikaa ndani ya duka lake, akawa anapanga sabuni. Mtu mmoja akajaribu kumlaumu mbele ya Bi Mwajuma, naye akamkatiza: "Mwacheni. Kanitania, nikamjibu. Nyinyi mlikuwa mnafanya nini pale?"

Kuanzia hapo mlango wa bati uliinuliwa asubuhi bila neno. Wateja hawakupimwa tena. Wafiwa waliingia wakapewa vitu vyao na pole, wakatoka na uzito wao wote. Alianza kunijibu shikamoo yangu kwa "Marahaba, mwanangu," na ngazi aliiomba kwa adabu. Nilitamani aniite Banyani. Nilijaribu kumchokoza, nikamwambia nimebadili mawazo, nitazikwa, aniwekee bafta. Alisema, "Mungu akupe umri," akaendelea na kazi.

Mwezi uliopita dada mkubwa wa Bi Mwajuma alifariki. Nilikuwa dukani kwa muuza sanda, nimempelekea chai. Kulikuwa na mteja mmoja pembeni, kijana mwenye shati safi, ananusa ubani. Bi Mwajuma akaingia. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alisimama mlangoni akaweka mikono kiunoni, na nikajua amekuja kufanya nini. Alikuwa amebeba msiba na bado amekuja kumpa yeye nafasi ya kumjibu.

"Mzaramo," alisema, "nipe sanda ya mwanamke. Na usinipe ile uliyomvua maiti wa jana."

Jibu lilikuwa tayari, mtoto angelijua. Muuza sanda alikuwa ameshika bafta, ameichana nusu. Nilimwona midomo inaanza kucheza. Kisha akageuza macho kwa yule kijana wa pembeni.

"Huyu mama ni mwenyeji," alimwambia, kwa sauti kubwa, wima, kama mtu aliye mbele ya hakimu. "Kazaliwa hapa hapa. Baba yake nilimjua. Ni Mtanzania huyu."

Kijana alishtuka, pakiti ya ubani mkononi. "Mzee," alisema, "mimi sijauliza kitu. Nimefuata ubani tu."

Muuza sanda alimalizia kuichana bafta, akaikunja, akaweka pamba na karafuu maiti juu yake, akafunga vizuri. Bi Mwajuma alishusha mikono kutoka kiunoni. Akapokea kifurushi kwa mikono miwili.

"Asante, mzee," alisema, akavuka barabara.